Darasa la kina mama la kuhifadhi Kurani, Limbani Wete, Pemba: maoni ya mfamasia

Mama aliyesoma chuoni utotoni, akaolewa, akalea, na sasa akisimama kusali anajikuta anazungukia sura zile zile tatu fupi kwa sababu nyengine zimemkwama, darasa hili ni lake. Nalisema mwanzo kabisa ili asiye na muda wa kusoma mpaka chini aondoke nalo. Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa hapa Wete, na nimo darasani tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ya mwaka jana. Kina mama wanaokuja dukani kuniulizia vidonge vya kumbukumbu wamekuwa wengi, nami huwaelekeza Limbani badala ya kuwauzia. Wengine wananitazama kama nawafukuza. Basi naandika hapa sababu zangu, maana kaunta ina foleni na haya hayaelezeki kwa dakika mbili.

Darasa linasomeshwa kwenye banda la chuo, ndani kidogo kutoka barabara kuu, Jumamosi hadi Jumatano, baada ya Alasiri mpaka Magharibi inapokaribia. Ada ni Sh 10,000 kwa mwezi, na aliyekwama hafukuzwi. Tunakaa chini kwenye mikeka, duara moja, na wenye magoti mabovu wamewekewa viti vya plastiki ukutani. Watoto wadogo wanaruhusiwa. Maji ya kunywa unakuja nayo mwenyewe. Maalim ni mwanamke wa makamo, hafidhi, yaani aliyehifadhi Kurani nzima, na ameniomba nisimtaje jina.

Vyuo vingi vya watu wazima vinasomesha kwa kusoma pamoja: mwalimu anatangulia, darasa linafuata, na ukurasa unarudiwa mpaka ulimi uzoee. Unatoka pale moyo umejaa, na asubuhi yake ukitaka kuusoma ukurasa ule bila msahafu huupati. Limbani kusoma pamoja kupo, lakini ni robo saa tu. Muda wote uliobaki ni wa kudondoa. Misahafu inafungwa na kuwekwa juu ya marufaa, vile vibao vya kuwekea msahafu. Maalim anasoma maneno matatu au manne kutoka katikati ya aya, popote katika juzuu tunazozipitia, ananyamaza, anamtazama mtu mmoja. Huyo ndiye aendelee. Kunong'onezana hakuna. Maalim naye hana haraka ya kusaidia. Anasubiri, na kusubiri kwake ni kurefu kuliko anavyotarajia mtu aliyezoea vyuo vyengine. Ukishindwa kabisa anakurudisha nyuma aya mbili tatu, uje nazo mpaka ufike pale pale. Ukishapita anakwenda kwa wengine, halafu kabla hatujatoka anakurudia kwa aya hiyo hiyo, na kesho yake tena, na wiki ya pili tena, kwa sababu keshaiandika kwenye daftari lake.

Hilo daftari ndilo kitu cha thamani zaidi katika darasa zima. Ni daftari la kawaida la skuli, la mistari. Kila mwanafunzi ana ukurasa wake, na kila pahala ulipokwama pamewekwa nukta ya wino mwekundu mbele ya namba ya aya. Ukipita pale bila kusita mara kadhaa kwa siku mbalimbali, nukta inazungushiwa duara na aya inapumzishwa kwa muda mrefu zaidi. Ukikwama tena, inaanza upya. Hakuna alama, hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Alasiri moja alimdondolea bibi mmoja, mkubwa wetu darasani kwa umri, aya kutoka Suratul Baqara. Bibi alitikisa kichwa. "Hii imefutika, Maalim. Niliihifadhi kwa marehemu baba, lakini imefutika."

"Haijafutika, Bibi yangu. Nipe ya juu yake."

Bibi akaianza ya juu kwa sauti ya chini, kidole cha shahada kikigonga goti kwa kila neno. Alipofika mwisho wa aya hakusita. Maneno aliyosema yamefutika yalimtoka yote, na ya aya mbili za mbele yake pia, kwa lahani ya kizamani ambayo hakuna mwengine kati yetu anayeisoma. Alipomaliza alijishika mdomo, na sisi tukamwitikia kwa takbira.

Nimeisoma famasia, na tangu chuo kikuu somo la ubongo ndilo lililonikaa zaidi, kwa hiyo nilitoka pale siku ile nikifikiria maabara moja ya Marekani. Lakini kwanza tuseme namna kumbukumbu inavyowekwa. Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu inayoitwa hipokampasi. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walichapisha kazi waliyoifanya Oslo kwa sungura: waliposisimua njia ya neva inayoingia hipokampasi kwa mkupuo mfupi na wa kasi, sinapsi, yaani viungo ambavyo seli moja ya neva huipitishia nyengine ujumbe, zilibaki na nguvu zaidi kwa saa nyingi baadaye. Molekuli za jambo hilo sasa zinajulikana vizuri. Juu ya seli inayopokea kuna kipokezi kinachoitwa NMDA, na mlango wake umezibwa na ioni ya magnesiamu. Seli mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja magnesiamu huondoka, kalsiamu huingia, huamsha vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo husababisha vipokezi vya aina nyengine, vya AMPA, viongezwe kwenye kiungo kile. Ili kumbukumbu idumu siku na miaka, jeni huwashwa na protini mpya hutengenezwa. Eric Kandel alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000 kwa kuyafuatilia mambo haya ndani ya konokono wa baharini aitwaye Aplysia, ambaye neva zake ni kubwa na chache.

Hayo ni ya kuweka. Kukumbuka ni kazi nyengine, na ndipo darasa la Limbani linapoingia. Mwaka 2003 watafiti wa Edinburgh, Mark Day, Rosamund Langston na Richard Morris, waliwafundisha panya kwamba kila ladha ya chakula ina pahala pake uwanjani. Walipoziba vipokezi vya NMDA vya hipokampasi wakati wa kujifunza, panya hawakuhifadhi kitu. Walipoviziba wakati wa kukumbuka, panya walikumbuka bila tabu. Lakini walipoviziba vipokezi vya AMPA wakati wa kukumbuka, panya walishindwa, ingawa kila kitu kilikuwa kimeshahifadhiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amehifadhi na bado asiweze kuleta. Kina mama wangu wa kaunta wakisema "nimesahau", wengi wao wanasema hilo la pili bila kujua.

Sasa ile maabara ya Marekani. Ni ya Susumu Tonegawa, Massachusetts. Tonegawa alikwishapata Nobel mwaka 1987 kwa kazi ya kingamwili, kisha akahamia kwenye ubongo. Mwaka 2012 kundi lake liliwapa panya protini inayotoka kwenye mwani, protini inayowasha seli pale mwanga wa buluu unapoigusa. Waliiweka kwenye zile seli tu za hipokampasi zilizofanya kazi panya alipokuwa akiogopeshwa kwenye chumba fulani. Siku nyengine, panya yuko chumba tofauti kabisa, kisicho na la kuogopa, wakawasha mwanga: panya akaganda kwa hofu. Kumbukumbu iliitwa kwa kuwashwa seli zake. Mwaka 2015 Tomás Ryan na wenzake wa maabara hiyo walikwenda mbali zaidi. Baada ya kuwafundisha panya waliwapa anisomaisini, dawa inayozuia protini mpya zisitengenezwe. Kesho yake panya walirudishwa kwenye chumba kile na hawakuonyesha kukumbuka chochote. Sinapsi za seli zile hazikuwa na ule uimara wa kawaida. Kwa kipimo chochote cha siku zile ungesema kumbukumbu imekufa. Walipowasha mwanga moja kwa moja kwenye seli zenyewe, panya waliganda. Kumbukumbu ilikuwemo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia kwa alama za kawaida.

Maalim hakuisoma kazi hiyo. Lakini "haijafutika, nipe ya juu yake" ni maneno ya mtu anayejua kwa uzoefu wake kwamba njia ikifungwa upande mmoja hutafutwa upande mwengine.

Mbona basi anadondoa maneno matatu tu, na asikupe aya nzima uidakie? Hapa ndipo ninapompa Maalim sifa zake zote. Ndani ya hipokampasi kuna eneo linaloitwa CA3, ambalo seli zake zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa wingi sana. Kwa sababu hiyo kipande kidogo cha jambo kikiingia, seli chache zinazowaka zinaziamsha wenzake, na jambo zima linarudi. Kazu Nakazawa na wenzake, katika maabara hiyo hiyo ya Tonegawa, walilipima hili mwaka 2002. Walitengeneza panya wasio na kipokezi cha NMDA katika seli za CA3 peke yake, wakawafundisha kutafuta jukwaa lililojificha chini ya maji kwa kutazama alama zilizotundikwa ukutani. Alama zote zikiwepo, panya hawa walilipata jukwaa sawasawa na wenzao. Alama zilipopunguzwa wakaachiwa chache, wenzao waliendelea kulipata na wao walipotea.

Kusoma pamoja nyuma ya mwalimu ni kukumbuka alama zote zikiwa ukutani. Kudondolewa maneno matatu ni kukumbuka alama zikiwa zimepunguzwa, na ndivyo ilivyo unaposimama peke yako usiku ukitaka kusali tahajudi kwa sura ndefu. Anayezoezwa kwa alama zote anajidanganya. Na kwa watu si kwa panya tu: mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mji wa St. Louis, waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Kundi moja liliisoma tena, jengine liliiandika kwa kukumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42. Kila ninapomwona mtu anatoka darasa la kusoma pamoja akiwa na furaha nazikumbuka zile dakika tano.

Aya za kufanana zinastahili aya yao wenyewe katika maoni haya, kwa sababu ndizo zinazowavunja moyo kina mama wengi. Aliyewahi kuhifadhi anaijua shida: unaanza sura moja, unafika njia panda, unajikuta umeingia sura nyengine. Mfano ambao Maalim anaupenda ni Suratul Baqara, aya ya 48 na aya ya 123. Zinaanza sawa, zinazungumzia siku ile ile, na karibu maneno yote ni yale yale. Ila ya 48 inatanguliza uombezi kisha inakuja fidia, na ya 123 inatanguliza fidia kisha unakuja uombezi. Mtu anaweza kuzisoma miaka ishirini akizichanganya. Maalim hazisomeshi mbalimbali. Anazileta siku moja, anamwambia mama mmoja ashike ya 48 na mwengine ashike ya 123, wakae wanatazamana, kila mmoja asome kipande chake na kusimama pale zinapoachana. Wanarudia hivyo huku Maalim akiwaonyesha kwa mkono: uombezi kulia, fidia kushoto, kisha fidia kulia, uombezi kushoto. Nimeona mama aliyekuwa akilia kwa aya hizi anazitoa zote mbili mfululizo bila kuyumba.

Kutenganisha vinavyofanana kuna mahali pake ubongoni. Ni ule ukingo wa hipokampasi wenye mikunjo kama meno, ambao Kilatini kimeupa jina jairasi denteti, na ambao huupokea ujumbe kabla ya CA3. Mwaka 2007 Thomas McHugh, naye wa kundi la Tonegawa, aliondoa kipokezi cha NMDA kwenye seli za ukingo huo, na panya wake wakapata tabu kuvitofautisha vyumba viwili vinavyoshabihiana, ingawa waliweza kuogopa kama panya wengine. Ninavyoelewa mimi, Maalim anapoziweka aya mbili uso kwa uso analazimisha ile tofauti ndogo ionekane na ihifadhiwe kama tofauti. Ukizisoma kila moja kwa mwezi wake unaliachia lile linalofanana limeze lisilofanana.

Jambo jengine ni kusahihisha. Maalim hakuachii upite na kosa hata la irabu moja, na hasahihishi mwisho wa ukurasa. Anasahihisha hapo hapo, kisha anakutaka upite tena. Wapo wanaomwona mkali kwa hili. Mimi namuunga mkono kwa sababu ya kazi ya mwaka 2000 ya Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux wa New York. Walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya zamani, iliyokwisha kuimarika, ikiitwa inarudi kuwa laini kwa muda, na inahitaji protini mpya ili iimarike tena. Wakiizuia protini hiyo ndani ya amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, mara tu baada ya kuiita, kumbukumbu ya hofu inadhoofika. Wakiizuia bila kuiita, haiguswi. Mwaka 2008 kundi la Korea Kusini lilionyesha upande wa pili: kuita kumbukumbu kunaanza kuvunja baadhi ya protini za sinapsi zenyewe. Panya wa maabara si mama wa Limbani, na hofu si aya. Lakini kwa namna ninavyolipokea mimi, muda unaofuata baada ya kukumbuka ni muda wa kufungwa upya, na aliyekumbuka kwa kosa akaachiwa aende nyumbani analifunga na kosa lake.

Nije kwenye hofu, maana hapa darasa lina sifa na lina dosari.

Sifa ni kwamba fimbo hakuna, na matusi hakuna. Wengi wetu tulisoma chuoni chini ya bakora, na mpaka leo mwili unalikumbuka hilo: mwalimu akigeuza uso tu, kooni panakauka. Maalim wetu anapokusubiri anatazama chini kwenye daftari, hakukodolei. Ubongo unahitaji kuwa macho kidogo ili ukumbuke. Mwaka 2004 watafiti wa Pennsylvania walionyesha kwamba panya wasio na noradrenalini, kemikali inayouamsha ubongo, wanajifunza vizuri lakini siku zinazofuata wanashindwa kuita baadhi ya kumbukumbu. Hilo ni la kuwa macho. Kutishika ni jambo jengine. Dominique de Quervain na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba panya aliyepigwa shoti ya umeme nusu saa kabla ya mtihani anashindwa kukumbuka pahala alipopajua vizuri, lakini akipigwa dakika mbili kabla au saa nne kabla hadhuriki. Nusu saa ndio muda ambao homoni za mfadhaiko zinakuwa zimepanda. Mwaka 2000 wakafanya kwa watu: miligramu 25 za kotisoni, dawa ambayo mwilini hugeuka homoni ya mfadhaiko, saa moja kabla ya kuulizwa, zilipunguza maneno waliyoweza kuyakumbuka kutoka siku iliyotangulia. Maneno yalikuwemo. Yaliyozuiwa ni kuja kwake.

Dosari ni kisomo cha wageni. Mara kwa mara chuo kinaalika wageni, na wanafunzi wanasoma mbele yao kwa kipaza sauti. Majina ya watakaosoma yanatangazwa papo hapo, kisha inafuata hotuba ndefu, na walioitwa wanakaa mbele wakitetemeka mpaka hotuba iishe. Ukiniuliza mimi, huwezi kupanga vibaya zaidi ya hapo. Nimeshuhudia mama ambaye darasani hana nukta nyekundu hata moja kwenye juzuu yake, anasimama mbele ya wageni na bismillahi inamkwama. Akakaa chini, na wiki mbili hakuonekana darasani. Nimemwomba Maalim mambo mawili: majina yatangazwe wiki moja kabla, na wasomaji waanze kabla ya hotuba. La kwanza amelikubali. La pili anasema liko mikononi mwa kamati ya chuo, na hapo limesimama.

Dosari nyengine ni kundi la WhatsApp. Kila usiku inatumwa sauti ya msomaji maarufu akisoma ukurasa wa kesho, na kina mama wanaisikiliza wakiosha vyombo na wanaridhika kwamba wamedurusi. Kusikiliza kuna thawabu zake na sikio linajifunza matamshi, sibishi. Lakini kwa kukumbuka, ni ule ule usomaji wa alama zote. Ningependa kundi litume maneno matatu tu ya dondoo, na mtu ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Sisi wa mtaa wangu tumeshaanza bila simu: msimu wa karafuu tukikaa usiku kuchambua, mmoja anadondoa, mwengine anaendelea, na vikonyo vinarundikana bila mtu kuhisi uchovu. Msimu huo ndio darasa linapopungua watu, na wanaorudi baada ya mavuno wanakuta wenzao wako mbali. Aliye na kikundi cha nyumbani harudi nyuma hivyo.

Banda lina joto wakati wa Kaskazi, bati halina dari, na kwa jirani kuna fundi seremala ambaye msumeno wake haujui Alasiri. Utazoea.

Sasa vidonge. Vinavyoulizwa zaidi dukani ni vya ginko, mti wenye asili ya China. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani: wazee 3,069, wengi wao wa miaka 75 na kuendelea, nusu wakipewa miligramu 120 za ginko mara mbili kwa siku na nusu wakipewa kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa miaka sita hivi. Ginko haikupunguza maradhi ya kupoteza akili uzeeni. Sina sababu ya kumuuzia mama wa Wete kitu hicho kwa bei ile, na anayetumia warfarini ya kuzuia damu isigande namkataza kabisa asikiguse bila ya daktari wake, kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu.

Badala yake huwauliza wanakunywa nini tayari. Hapo mara nyingi ndipo penye jambo. Vidonge vya kizamani vya mafua na mzio, vile vyenye klofeniramini vinavyoleta usingizi, vinaziba asetilikolini, ambayo ni mojawapo ya molekuli ambazo hipokampasi inazitegemea. Amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva inafanya hivyo pia. Mama anayevimeza vya mafua kila usiku kwa sababu vinamlaza vizuri, kisha analalamika kichwa kizito na sura zinamponyoka, ana la kuanzia kabla hajafika Limbani. Aliyeandikiwa amitriptilini asiiache mwenyewe. Arudi kwa aliyemwandikia, amweleze.

Na lipo ambalo darasa si tiba yake. Mzazi anayepotea njia ya nyumbani kwake, anayeuliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, anayeweka fedha pahala kisha akawatuhumu wajukuu, huyo apelekwe hospitali apimwe. Baadhi ya yanayofanana na hayo yanatibika, kama upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo kufanya kazi kidogo. Kwa maradhi ya Alzheimer yenyewe, Dheeraj Roy na wenzake, mwaka 2016, waliwasha kwa mwanga seli za kumbukumbu za panya waliotengenezwa kuwa na dalili za mwanzo za maradhi hayo, na panya wakakumbuka walichoonekana kukisahau. Ni habari ya kutia moyo kwa sayansi. Haijawa dawa ya kumpa mtu. Lakini tangu niisome, sikubali tena mtu aseme mbele ya mzee kwamba "huyu hana kitu kichwani". Kinaweza kuwemo.

Anayetaka kujiunga, wanafunzi wapya wanapokelewa Mfungo Mosi, siku kumi hivi baada ya sikukuu, na wachache mwanzoni mwa Mfungo Nne. Nenda mwenyewe Alasiri yoyote ya darasa, umwone Maalim. Atakudondolea kidogo kutoka Juzuu Amma ajue akuanzishe wapi, na hilo halifanywi mbele ya watu. Wasiojua kusoma herufi za Kiarabu wana darasa lao la asubuhi, sikulisoma kwa hiyo silisemei. Kabla hujaenda nunua msahafu wa chapa ya Madina, ule wa kurasa 604 na mistari 15 kila ukurasa, ambao kila ukurasa unamalizikia mwisho wa aya. Maalim hakubali mtu abadilishe chapa katikati, na ana haki: baada ya muda utaiona aya ilipo, juu kulia au chini kushoto, kabla hujalisikia neno lake la kwanza. Hipokampasi hiyo hiyo inayoshika maneno ndiyo inayoshika mahali. John O'Keefe alizipata seli zake za mahali, zinazowaka mnyama anapokuwa pahala fulani, mwaka 1971, na Nobel ikamfikia 2014. Chukua saizi ya kati. Ule mdogo wa mfukoni macho ya umri wetu hayauwezi, na ule mkubwa hautulii juu ya marufaa za pale.